Mtungi, Luku, mkaa au gesi ya ng'ombe: upike na nini ukiwa Arusha au Moshi

Kila bei ya mtungi ikipanda kuna swali lazima lirudi, utalisikia kwenye daladala ya Kwa Mrombo, utalisikia dukani kwa mangi: si tuna gesi Mtwara, sasa mbona tunauziwa kama watu wasio na gesi? Swali la haki kabisa, na jibu lake linamsaidia sana mtu aliyekwama kuchagua apike na nini, kwahiyo tuanze nalo kabla hatujagusa sufuria.

Gesi yetu, ile ya Songo Songo kule Kilwa iliyogunduliwa 1974 na ile ya Mnazi Bay Mtwara iliyogunduliwa 1982, ni methani karibu tupu. Methani ina kiburi, ukitaka iwe kimiminika lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, na hiyo kazi mtungi wa jikoni hauiwezi. Kilichomo kwenye mtungi wako ni propani na butani, hizi ukizibana kidogo tu zinakuwa kimiminika, ndo maana ukiutingisha unasikia kitu kinacheza ndani. Propani na butani zinapatikana kwa wingi kwenye visima vya mafuta na viwanda vya kusafisha mafuta, na kwenye gesi yetu zimo kiduchu mno. Kwahiyo mtungi uliopo Sakina hapa Arusha umejazwa kitu kilichokuja na meli, kikashushwa Dar au Tanga, kikapanda lori. Na ile ya Mtwara je? Bomba kubwa lililokamilika 2015 linaishia Dar, linalisha mitambo ya umeme ya Kinyerezi na Ubungo pamoja na viwanda, na kuna nyumba kadhaa za Dar, Lindi na Mtwara zimeunganishwa moja kwa moja. Huku kaskazini hamna bomba. Gesi ya Mtwara ikifika Arusha inafika ikiwa imeshakuwa umeme, inapita kwenye waya.

Maana yake unapochagua kati ya mtungi na Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, hauchagui jiko tu, unachagua pia bei yako iamuliwe wapi, Ghuba ya Uajemi au hapa nyumbani. Watu wengi hawaliangalii hilo, wanaangalia bei ya leo basi.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi, na kila nishati nitaipitisha humohumo: bei yake inaamuliwa na nani na inayumba kiasi gani, hela ya kuanzia, upatikanaji wake huku kwetu, chakula gani inakipika vizuri, halafu hatari yake. Nitatumia mfano wa kujaza mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 24,000. Kama kwenu ni zaidi au pungufu, badilisha namba, hesabu ni ileile.

MTUNGI

Bei kwanza maana hapa ndo kuna mambo. Kila mwezi kampuni ya Saudi Aramco inatangaza bei yake ya propani na butani, na wauzaji wengi wa upande huu wa dunia wanaifuata hiyo. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia na corona, propani ilikuwa karibu dola 230 kwa tani. Aprili 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimeshika moto, ikapita dola 900. Sasa shusha hiyo kwenye mtungi wako wa kilo 6, kwa dola ya wakati ule ya kama shilingi 2,300: mwaka 2020 mzigo wenyewe ulikuwa kama shilingi 3,200, mwaka 2022 ukawa zaidi ya 12,000. Hapo meli haijang'oa nanga bado, hujaweka nauli, bima, bandari, lori la kupanda huku, na faida ya kila mtu anayeushika njiani. Ongeza na dola yenyewe, shilingi ikilegea mtungi unapanda hata kama Waarabu hawajagusa bei.

Na hapa nyumbani hakuna wa kumshika mkono muuzaji. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila mwezi ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, mtungi haumo kwenye hiyo orodha, kwahiyo duka hili na lile mtaa mmoja zinaweza zikapishana na hakuna aliyevunja sheria. Tembea, ulizia.

Hela ya kuanzia si mbaya. Mtungi wa kilo 6 na jiko lake la juu ni kitu ambacho mpangaji anaweza kujichanga akapata, na REA, wakala wa nishati vijijini, wamekuwa wakipeleka mitungi ya kilo 6 ya ruzuku kwa nusu bei huko wilayani. Ukitaka jiko la plate mbili na mtungi wa kilo 15 hapo mfuko lazima uumie kidogo.

Upatikanaji hauna mpinzani. Njiro, Ngarenaro, Majengo ya Moshi, mpaka Marangu huko juu, mtungi upo, unapiga simu bodaboda anakuletea na saa tatu usiku. Umeme ukikatika we unaendelea kukaanga.

Kwenye kupika ndo mfalme wa vitu vya haraka na vya kukaanga: chapati, maandazi, mayai, chai ya asubuhi watoto wanakimbilia shule. Moto unautii. Kinachoumaliza ni makande na maharage. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwahiyo maharage yaleyale yanayoiva Tanga kwa muda fulani huku yanakaa zaidi, na hiyo zaidi ni gesi yako inateketea. Ukilazimisha kuchemsha makande kwenye mtungi usije kulalamika kwamba umeisha kabla ya mwezi.

Hatari: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni, inajikusanya pembeni chini ya kabati inasubiri kiberiti. Mtungi ukae penye upenyo wa hewa, mpira upakwe povu la sabuni uangaliwe kama linatoa mapovu, na ukisikia harufu usiguse swichi hata ya kuzimia taa, fungua madirisha na mlango kwanza. Halafu kuna hatari ya mfuko. Kwenye shingo ya mtungi kumegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu, kwa mfano 7.4. Mwambie muuzaji auweke kwenye mizani, anatakiwa awe nayo, kilo 6 ya gesi hapo isome 13.4. Ikisoma 12.6 umeuziwa kilo 5 na kidogo kwa bei ya 6. Wauzaji wengine wanakunja sura ukiomba mizani, mwache akunje.

UMEME

Huu wengi wanauogopa bila kuupigia hesabu. Bei ya uniti inapitishwa na EWURA na imekaa palepale tangu 2016: nyumba ya kawaida uniti ni shilingi 292, ukiweka VAT na makato ya REA na EWURA inafika kama 356. Wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti yao ni 100, na makato inakuwa 122. Ila ukivuka 75 kila ya juu inakatwa kwa 350 kabla ya kodi, ukizoea kuvuka unahamishwa kundi kabisa.

Sasa linganisha. Kilo 6 za gesi zina joto la kama uniti 77 za umeme, lakini jiko la gesi linapoteza karibu nusu pembeni mwa sufuria, kinachoingia kwenye chakula ni kama uniti 42. Jiko la koili linapoteza kidogo zaidi ya robo, kwahiyo kazi ya mtungi mmoja litaifanya kwa uniti kama 60. Mara 356 ni shilingi 21,000 na kitu. Yaani koili ya kawaida tu, ile inayoitwa mnyonya Luku, inakaribiana na mtungi wa 24,000. Ukienda kwenye presha kuka ya umeme mchezo unabadilika kabisa, kilo nzima ya maharage haifiki uniti moja, chini ya shilingi 400, na ile shida ya maji kuchemka nyuzi 95 inakwisha maana ndani kuna presha. Mi naona huku kwetu mlimani presha kuka ina faida kuliko hata Dar.

Kwanini bei yake haiyumbi kama mtungi? Hapa ndo inaingia hiyo gesi ya Mtwara. Mwaka 2022 Urusi ilipopunguza gesi ya bomba, Ulaya ikaenda kugombania gesi ya meli na Waasia, bei ya soko la Uholanzi ambalo Ulaya yote inaliangalia ikapaa Agosti mpaka zaidi ya yuro 300 kwa kipimo ambacho miaka ya nyuma kilikuwa kinauzwa chini ya 30. Pakistani na Bangladeshi wakakosa mizigo, wakakaa giza. Kinyerezi haikujua kama kuna kitu kimetokea, kwasababu gesi yetu haiuzwi kwenye hilo soko, haina meli, inauzwa kwa mikataba ya humuhumu ndani. Kutouza nje tunaliona balaa, ila mwaka ule lilitukinga. Na tangu 2024 maji yamechukua kazi kubwa, bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, gesi inashikilia mfumo hasa mvua zikigoma.

Watu wanauliza na ule mradi wa LNG wa Lindi, yaani wa kuipoza gesi iwe kimiminika isafirishwe kwa meli, wa Shell na Equinor. Nchi inahesabu futi za ujazo trilioni 57 na zaidi, nyingi ziko bahari ya kina kirefu, na mazungumzo ya kujenga kiwanda yamekwenda mwaka hadi mwaka. Kikijengwa, serikali itapata hela, sawa. Lakini ile ni methani ya kwenda Asia, haitajaza mtungi wako hata kilo moja. Na siku gesi yetu itakapokuwa na mteja wa Japani, mwenye kisima atakuwa na cha kulinganishia anapokaa mezani na Tanesco, shirika letu la umeme. Hilo halisemwi sana.

Kuanzia: koili ni rahisi, presha kuka nzuri inaanzia laki na kitu, wengi hapo ndo wanapokwama. Kingine ni waya za nyumba, nyumba za zamani za kupanga soketi zimechoka, ukichomeka kitu cha wati 1,000 na pasi na hita ya kuogea kwa pamoja unasikia harufu ya plastiki. Hiyo ndo hatari yake kubwa, sio shoti ya kwenye sinema.

Upatikanaji: ukikatika umekatika, hupiki. Kaskazini tuko mbali na mitambo mikubwa, umeme unasafiri mamia ya kilometa na unapotea njiani. Mitambo ya jirani ya mto Pangani, Nyumba ya Mungu na Hale na New Pangani Falls, ni midogo. Ndo maana Machi 2025 Rais Samia akiwa Kilimanjaro aliongelea kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya huku, watu wakashangaa tuna Rufiji tunanunua wapi tena, ila kwenye ramani Namanga iko karibu kuliko Rufiji. Kwenye chakula, presha kuka haipiki chapati, hilo lijue, na ugali wa familia kubwa unaisumbua.

MKAA

Bei ya mkaa haijui Saudia wala EWURA. Inajua mvua, barabara, na ukaguzi njiani. Masika gari zikinasa huko Simanjiro na Kiteto, gunia linapanda wiki hiyohiyo. Kuanzia ni karibu bure, na unanunua kwa kopo, hiyo ndo nguvu yake ya kweli: mwenye 2,000 mfukoni hawezi kujaza mtungi, anaweza kununua mkaa wa leo. Wanaowasema watu wa mkaa kila siku hili huwa hawaligusi.

Ila hesabu ya mwezi haimpendezi. Kazi ya mtungi wa kilo 6 inataka mkaa kama kilo 20 kwenye jiko la udongo zuri, kwenye jiko la bati tupu ni 25. Kwahiyo kwa mtungi wa 24,000, kilo ya mkaa ikizidi 1,200 au hata 1,000 kwa mwenye jiko bovu, mkaa ndo ghali. Tatizo mkaa hauuzwi kwa kilo, unauzwa kwa kopo na ndoo na gunia la kichwa kirefu, hujui umepewa kiasi gani. Azima mizani ya nyanya siku moja upime ndoo yako.

Upishi, hapa nakubali. Ndizi nyama ya kuiva taratibu, makande ya Jumapili, nyama choma, mahindi ya kuchoma, mkaa unajua kazi. Hatari yake ni ile ya Juni na Julai, baridi imeingia mtu anavuta jiko chumbani afunge mlango apate joto. Hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu, unasinzia hauamki. Usilale nalo kamwe, hata kama linaonekana limezima.

GESI YA NG'OMBE

Hii, yaani biogesi ya kinyesi cha ng'ombe, inasahaulika na ndo inayofaa huku kuliko mikoa mingi, maana Machame, Marangu, Tengeru na kote Meru watu wanafuga ng'ombe wa ndani. Isitoshe CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wako hapahapa Arusha na wamekuwa wakijenga mitambo ya biogesi tangu miaka ya 80. Kinachotoka humo ni methani, ndugu wa damu wa gesi ya Songo Songo kuliko huo mtungi wako.

Bei haipangwi na mtu yeyote ukishajenga. Ng'ombe wawili wa ndani wanatoa kinyesi kama kilo 30 kwa siku, unachanganya na maji kiasi hichohicho, unapata gesi inayofanya kazi ya karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi. Yaani kama mtungi wa kilo 6 kila wiki mbili, na tope linalotoka linaenda kwenye migomba na kahawa. Kuanzia ndo kilio, shimo na matofali na fundi inakwenda kwenye mamilioni. Inataka mtu wa kukoroga kila asubuhi, inataka maji, na baridi kali ya Julai huko juu inapunguza gesi kwasababu bakteria nao wanazizima. Moto wake ni wa wastani, unapika kila kitu cha nyumbani ila sio wa kukaangia biashara. Mpangaji haikuhusu.

SASA WEWE UKO WAPI

Umepanga chumba, Luku mnachangia watu watano. Chukua mtungi wa kilo 6, usijiingize kwenye ugomvi wa nani kamaliza uniti. Maharage chemsha mengi mara moja kwenye mkaa pale uani, gawa, weka kwa jirani mwenye friji.

Una Luku yako na uko kwenye zile uniti 75. Usihamie umeme mzima, utavuka. Presha kuka kwa ajili ya maharage, makande na nyama peke yake, vingine mtungi, na uangalie uniti kila wiki.

Familia ya watu sita Njiro au Shanty Town, mko kwenye bei ya kawaida. Hapo umeme ubebe vya kuchemsha, mtungi wa kilo 15 ubebe vya kukaanga na siku za giza. Fundi aangalie waya kwanza kabla hujanunua chochote. Maji ya kuoga ya Julai ndo yatakayokula uniti kuliko chakula, hayo yatafutie sola ya maji moto kama paa ni lako.

Mama lishe wa soko la Kilombero Arusha au Mbuyuni Moshi. Mtungi wa kilo 15 au 38 kwa chapati na supu ya asubuhi, na uweke akiba pembeni bei ikiwa chini, kwasababu ikipanda Ghuba haitakusubiri upandishe bei ya sahani. Mchoma nyama baki na mkaa wako, hamna anayekudanganya kwamba mishikaki ya koili ina ladha.

Shule au hosteli inayolisha zaidi ya watu 100 kwa siku: kuni na mkaa mlishapigwa marufuku tangu 2024, kwahiyo nyie mnachagua kati ya mtungi mkubwa, umeme na biogesi kama mna zizi. Ombeni bei ya mtungi mkubwa kwa mkataba wa miezi kadhaa, sio bei ya siku.

Na wewe wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, mwenye ng'ombe wawili na maji ya mfereji, omba fundi wa biogesi aje apime eneo, ila mtungi mdogo ubaki ndani kwa ajili ya Julai.